Anza na swali la mwisho: kuandaa somo la sehemu, Darasa la Nne

Majuzi nilikaa na mwalimu wa mazoezi tukapitia andalio lake la somo la Hisabati. Visanduku vyote vilikuwa vimejazwa: umahiri mkuu, umahiri mahususi, zana, rejea, hadi idadi ya wavulana na wasichana. Nikamuuliza, kengele ikigongwa utajuaje kama wameelewa? Akasema atawauliza, "Mmeelewa?" Na sote tunajua darasa litaitika nini. Haya ndiyo tuliyofanya baada ya hapo. Mada ni kulinganisha sehemu, watoto ni 90, kipindi ni dakika 40.

Hatua ya 1: Kata mada

Fungua azimio la kazi, yaani mpango wako wa mada za muhula, chukua kipande kinachotosha kipindi kimoja. Hapa ni sehemu zenye kiasi (namba ya juu) 1 tu. Kujumlisha kutakuja wiki nyingine.

Hatua ya 2: Andika swali la mwisho kabla ya kitu kingine chochote

Hapa usiwe na haraka. Swali hili ndilo watakalojibu kwenye madaftari dakika 8 za mwisho, kila mtu peke yake, na kila kitu kingine kwenye andalio kinalitumikia.

Tuliandika kwanza: "Ipi kubwa, 1/2 au 1/4?" Tukalifuta. Nusu na robo mtoto anazijua kutoka dukani, anatumwa nusu kilo ya sukari na robo ya mafuta kila siku. Atapata hata kama hujafundisha. Tukaandika "3/4 au 1/4?" Nalo halifai, maana anayelinganisha 3 na 1 tu anapata vilevile. Swali zuri ni lile ambalo asiyeelewa atalikosa, na kosa lake litakuambia anawaza nini. Tukaishia kwa "1/4 au 1/6? Chora kuonyesha." Anayeona 6 ni kubwa kuliko 4 atajibu 1/6, na utamjua papo hapo.

Sasa hilo neno "chora" lina mtego wake. Mtoto atachora mstatili mdogo kwa 1/4 na mwingine mkubwa kwa 1/6, atie kivuli, na mchoro wake utathibitisha kwamba 1/6 ni kubwa! Wala hajakosea kugawa. Vizima vyake viwili havilingani. Kwa hiyo swali lilibidi liseme: chora mistatili miwili yenye urefu wa sm 12, mmoja chini ya mwingine.

Kwa nini 12? Kwa sababu inagawanyika kwa 3, 4 na 6 bila desimali. Theluthi ni sm 4, robo ni sm 3, sehemu ya sita ni sm 2. Ukitumia sm 10, robo ni 2.5, na theluthi haipimiki kwa rula. Kipindi kitaishia kwenye kuhangaika na rula. Usiwaambie wakunje karatasi kwa macho pia. Kukunja mara mbili ni rahisi, ila kukunja mara tatu zilizo sawa kunawashinda hata watu wazima.

Jambo jingine: usiwape kanuni ya "asili (namba ya chini) ikiwa kubwa, sehemu ni ndogo." Leo wote watapata, utafurahi. Wape 5/6 na 3/4 baadaye uone: watakuambia 3/4 ndiyo kubwa. Aliyezoea kipande cha sm 12 atapima, aone 5/6 ni sm 10 na 3/4 ni sm 9.

Hatua ya 3: Zana

Mimi chati za manila sizipendi. Zinapendeza ukutani, ila aliye dawati la nyuma haoni kitu na hakuna anayezigusa. Chukua karatasi za A4 zilizotumika upande mmoja, kata vipande vya sm 12 kwa sm 2. Karatasi moja inatoa 20, hivyo karatasi 5 zinawatosha watoto wote 90 na akiba inabaki.

Hatua ya 4: Muda

Utangulizi dakika 5, kupima na kugawa vipande 15, kujadili kwa madawati 12, swali la mwisho 8. Vipande vihesabu kabla, umpe kiongozi wa kila safu fungu lake. Ukigawa wewe mwenyewe, dawati kwa dawati, zile 15 zimekwisha.

Hatua ya 5: Jaza visanduku vilivyobaki

Sasa ni kazi nyepesi. Lengo umeshalipata kwenye swali: mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu mbili zenye kiasi 1 kwa mchoro. Usiandike "aweze kuelewa."

Hatua ya 6: Maoni

Kusanya madaftari, yapange mafungu matatu: waliopata kwa mchoro sahihi, waliopata bila mchoro, waliokosa. Usisahihishe kwanza, panga tu. Kisha kwenye sehemu ya maoni, badala ya lile "somo limeeleweka" la kila siku, andika kitu utakachokitumia: "Fungu la pili ni kubwa, wengi wamebahatisha. Kesho nianze na vipande tena, 1/3 na 1/6, kabla ya mada mpya."