Hedifoni za mgongo wazi: anza na kichwa, sauti itafuata

Mezani kwangu kuna hedifoni mbili za mgongo wazi. Moja ni Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ninayoitumia kumiksi kazi za watu. Nyingine ni Sennheiser HD 600, niliyoinunua baadaye kwa tamaa tu. Ile ya kwanza nusura niiuze ndani ya wiki mbili. Ilinibana nyuma ya taya, na kila mwimbaji alipotamka "s" nilihisi sindano sikioni. Nikaanza kuifungua. Nikaweka pamba hapa, nikatoa sponji pale, sauti ikazidi kuharibika. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa namna nilivyoivaa. Kwa hiyo hapa tutaanza na kichwa, twende kwenye pedi, kisha kompyuta. Bisibisi tutaigusa kwa kulazimika.

Hatua ya 1: Jiulize kama mgongo wazi unakufaa

Hedifoni ya kawaida ina kifuniko kizima nyuma ya spika. Ya mgongo wazi ina wavu, hewa inapita. Sauti haiji kama imefungiwa ndani ya kopo, na masikio hayachemki sana, jambo ambalo mtu aliyekaa Dar mwezi wa pili haelezwi mara mbili.

Ila wavu huo unapitisha kila kitu. Feni, jenereta ya jirani na mvua juu ya bati vitaingia, na muziki wako utatoka. Uliyepanga naye chumba atasikiliza pamoja nawe apende asipende. Mwimbaji akiivaa wakati wa kurekodi, maikrofoni itanasa biti, kwa hiyo huyo mpe iliyofungwa. Na kama kazi yako ni muziki wa besi nzito ya chini kabisa, jua kwamba HD 600 huanza kushuka mapema huko chini. Kwa kuhukumu besi hiyo ninakwenda kwenye spika, au naazima hedifoni iliyofungwa.

Hatua ya 2: Chagua kwa kichwa chako na kwa mashine uliyonayo

Wengi wanachagua kwa sifa walizosoma. Mimi ningekuambia uanze na namba mbili: omu, na desibeli kwa miliwati, yaani ukubwa wa sauti unaopata kwa kiasi hicho kidogo cha umeme. DT 990 Pro ya omu 250 hutoa takriban desibeli 96 ikipewa miliwati 1. Kwa omu 250, miliwati hiyo inataka volti 0.5. Hedifoni ya omu 32 inapata miliwati ileile kwa chini kidogo ya volti 0.2. Ndiyo maana simu inayoitikisa hedifoni ndogo vizuri ikifika kwenye ya omu 250 inakosa pumzi. Unapandisha sauti hadi mwisho, na taarab iliyorekodiwa kwa utulivu bado inasikika kama iko chumba cha pili. HD 600 ina omu 300, nayo haina tofauti kubwa. Kama una kadi ya sauti yenye tundu la hedifoni lenye nguvu, sawa. Kama una simu pekee, tafuta ya omu 32 kama Philips SHP9500, na fedha ya amplifaya ibaki mfukoni.

Uzito nao usiudharau. DT 990 Pro ina gramu 250 hivi bila waya, na HD 600 inakaribiana nayo. HIFIMAN HE400se, yenye utando bapa unaosukumwa na safu ya sumaku, ina gramu 390. Dukani hutaziona gramu 140 za ziada. Saa ya tatu shingo itakuambia. Halafu kuna utosi: AKG K701 za mwanzo zina vinundu chini ya mkanda wa kichwani, na vichwa vingine havipatani navyo kabisa. Muuzaji akikuruhusu, kaa nayo kichwani dakika 20, si 2. Maumivu hayana haraka.

Hatua ya 3: Ivae upya

Vuta mikono ya pande zote mbili hadi chini kabisa, vaa, kisha pandisha taratibu mpaka mkanda uguse utosi bila kuubonyeza. Hesabu vituo vya kushoto na kulia. Visipolingana usishangae, kwani vichwa vyetu si vya kiwandani. Sikio lote liwe ndani ya pedi, ncha ya chini isibanwe.

Sasa tafuta kipande chenye sauti ya mtu peke yake. Kama huna, jirekodi kwa simu ukisema: "Sisi sote tusisahau siku za sikukuu." Kiswahili kimetujalia s na z za kutosha, tuzitumie. Sikiliza, kisha sogeza vikombe nusu sentimita mbele, sikiliza tena, halafu nusu sentimita nyuma. Utashtuka kuona ukali unavyobadilika. Sikio linakusanya sauti za juu kwa umbo lake, kwa hiyo ukibadilisha mahali spika inapolikabili, umebadilisha kinacholifikia. Kwangu mimi, kusogeza vikombe mbele kidogo kulipunguza nusu ya ile sindano, na sikuwa nimetumia hata shilingi.

Mwenye miwani: mkono mnene wa miwani unainua pedi na kufungua upenyo, na besi inavujia hapo. Fremu yenye mikono myembamba inasaidia kuliko hedifoni ya bei kubwa zaidi. Mwenye mtandio au hijabu: kitambaa kikiwa tabaka moja jepesi hakina shida kubwa, lakini mikunjo miwili mitatu juu ya sikio inafunika sauti za juu na kuharibu ukaaji wa pedi. Lainisha mikunjo hapo, fundo lirudi nyuma. Mwenye rasta au nywele za kusuka, zitoe chini ya pedi zote, zipite nyuma ya sikio. Hii nitairudia baadaye kwa sababu nyingine.

Hatua ya 4: Legeza mbano, kwa subira

HD 600 ikiwa mpya inabana kama koleo. Usivute kwa hasira. Panga vitabu hadi upana uzidi kichwa chako kwa sentimita 1 au 2, ivishe hapo, ilale usiku kucha. Asubuhi ivae kwa muda. Haitoshi? Rudia usiku wa pili. Siku tatu za namna hiyo ndizo zilizoilegeza yangu.

Kwa DT 990 kuna chuma chembamba chini ya mto wa kichwani, na mto wenyewe umefungwa kwa vifungo vya kubonyeza. Ufungue, shika chuma kwa mikono miwili na ukinyooshe kidogo sana pale kinapopinda, upande mmoja kisha wa pili, ukipima kila mara. Angalia waya mwembamba unaopita huko kwenda kikombe cha kulia. Ukikatika, utakuwa na hedifoni ya sikio moja. Shika chuma tu, usiikunje plastiki inayobeba vikombe.

Usilegeze hadi ipwaye. Pedi isiposhika vizuri besi inapungua, na ukiinama kutafuta kalamu hedifoni inakutangulia sakafuni. Lengo ni ikae unapotikisa kichwa kukataa jambo, si unapocheza.

Kama utosi bado unalalamika, ongeza mto. Nilishona mfuko wa kipande cha kanga kuukuu, nikaweka sponji nyembamba ndani, nikauvisha juu ya mto wa awali. Pamba inanyonya jasho na inafulika. Mke wangu alicheka jina lililobaki pembeni ya kile kipande, lakini kazi inafanyika.

Hatua ya 5: Pedi ndizo nusu ya sauti

Pedi za DT 990 ni za kitambaa chenye manyoya mafupi. Zikichoka zinabapa, sikio linagusa sponji iliyo mbele ya spika, na sauti inabadilika kwa sababu spika imekusogelea. Kabla ya kubadilisha chochote kingine kwenye hedifoni ya zamani, weka pedi mpya. Nimeshaona mtu anahangaika na marekebisho ya kompyuta mwezi mzima kumbe pedi zilikuwa zimekuwa chapati.

Kuzitoa, ingiza kidole gumba chini ya ukingo na uvute kuzunguka. Kuzirudisha ndiko kunakowashinda watu. Ingiza mdomo wa pedi kwenye mfuo wa kikombe upande mmoja, shikilia hapo, halafu izungushe pedi yote taratibu na mdomo utajiingiza wenyewe. Kufua ni kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kuminya bila kusokota, kuanika kivulini. Zikauke hadi ndani kabisa kabla ya kurudishwa. Kwenye unyevu wa pwani, mimi nazipa siku mbili.

Je, pedi za ngozi bandia? Zinaziba hewa zaidi, mara nyingi besi inavimba na sauti ya kati inahama. Nilijaribu, nikarudi kwenye kitambaa, na masikio yalinishukuru kwa ajili ya joto pia. Marekebisho ninayoyapenda ni madogo: kipande cha sponji laini, upana wa kidole, chini ya pedi kwa upande wa nyuma tu. Spika inainama kidogo kufuata mlalo wa sikio, na ncha ya sikio haigusi tena. Fanya pande zote mbili kwa kipimo kimoja, la sivyo mwimbaji wa katikati atahamia kushoto.

Hatua ya 6: Mkwaruzo usiokuwa kwenye muziki

Besi ikipiga na ukasikia kitu kinakwaruza upande mmoja, usikimbilie kusema spika imekufa. Mara nyingi ni unywele mmoja uliopenya sponji na kugusa utando wa spika. Ndiyo maana nilisema nywele zitoke chini ya pedi. Toa pedi, inua sponji ya duara, washa tochi ya simu kwa mshazari, utauona. Utoe kwa kibanio cha plastiki.

Nasema cha plastiki kwa sababu nyuma ya utando kuna sumaku, na haina utani. Mimi nilitumia cha chuma. Kilivutwa, kikatoboa utando, nikanunua spika nyingine. Hewa ya mdomo nayo usiipulize kwa nguvu, utando unabonyea.

Hatua ya 7: Ukali uliobaki, upunguze kwa ikwalaiza

DT 990 inajulikana kwa kilele cha sauti za juu, kwenye hezi 8,000 hadi 9,000 hivi. Mahali hasa kinapokuuma panategemea sikio lako, kwa hiyo usinakili namba zangu kichwakichwa. Weka sauti chini. Tumia programu ya kutoa mlio mmoja, panda polepole kutoka hezi 5,000 hadi 10,000, na uandike unapochoma. Kwangu ni 8,300.

Ikwalaiza ni programu ya kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti. Kwenye Windows sakinisha Equalizer APO pamoja na Peace, dirisha la kuiendeshea. Kwenye Android kuna Wavelet, yenye marekebisho tayari ya mradi wa AutoEq kwa maelfu ya hedifoni. Ukifanya kwa mkono, weka kichujio kimoja kwenye namba yako, punguza desibeli 3, sikiliza siku nzima, kisha amua kama unataka 5. Q, yaani kipimo cha wembamba wa kichujio, ya 2 inatosha kuanzia. Ukipandisha besi kwa desibeli 4, shusha sauti ya jumla kwa desibeli 4 vilevile, ili vilele visikatwe. Na ukilinganisha kabla na baada, sawazisha ukubwa wa sauti, maana sikio hudanganyika kirahisi: kilichopigwa juu zaidi hukiona ndicho kizuri.

Hapohapo angalia unasikiliza kwa nguvu gani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Hedifoni wazi inakushawishi kuongeza kila feni inapozidi. Zima feni.

Wasioweza kutumia ikwalaiza, labda kwa sababu wanasikiliza kinanda au mikisa moja kwa moja, wana njia ya plasta ya karatasi, ile ya duka la dawa. Kata duara dogo, ukubwa wa sarafu, ulibandike katikati ya sponji ya mbele, upande unaotazama sikio, kamwe si kwenye utando. Upande mmoja kwanza, cheza kelele ya mono, yaani ileile pande zote mbili, linganisha kushoto na kulia. Ukiridhika, fanya wa pili. Kaa nayo siku saba, kisha ibandue. Kama hutaikumbuka ndani ya saa moja, hukuihitaji.

Wanaomiksi wana mtego wao hapa. Marekebisho ya hedifoni ni ya masikio yako, hayapaswi kuingia kwenye wimbo. Niliwahi kuyaweka kwenye chaneli kuu ya mradi, nikasahau, nikatoa faili na kumtumia mteja. Alipiga simu jioni: "Kaka, mbona matoazi yamelala?" Nilifungua mradi, nikaona kile kichujio cha 8,300 kinanitazama. Siku hizi kinakaa Equalizer APO, nje ya mradi kabisa.