Namna ya kubloku tovuti mbaya kwenye simu ya dogo bila kulipia chochote

Kama simu ya mtoto iko mkononi mwako sa hivi na ni Android toleo la 9 kwenda juu, fanya hii kwanza alafu ndo uendelee kusoma. Ingia setingi, pale juu kwenye kutafuta andika DNS, itakuja sehemu inaitwa Private DNS, kama simu iko kwa Kiswahili utaona DNS ya Faragha. Bonyeza, chagua ile ya mwisho ya kujaza jina mwenyewe, andika family.cloudflare-dns.com, herufi ndogo zote, bila nafasi, bila https mbele, alafu seivu. Basi. Hujanunua kitu, hujapakua kitu, na inafanya kazi kwa bando na kwa waifai pia. Ukikosea hata herufi moja intaneti itakata kabisa, usipaniki ukadhani umeua simu, rudi pale pale urekebishe.

Sasa umefanya nini hapo. Simu haijui tovuti inakaa wapi, kila ukiandika jina lazima ikaulize, kama vile umeshuka stendi usiyoijua unamuuliza bodaboda kwa fulani ni wapi, na kawaida anayeulizwa ni mtandao wako wa simu ambao unakuelekeza popote unapotaka bila kujali una miaka mingapi. Huyo anayeulizwa ndo anaitwa DNS, na wewe umebadilisha wa kuulizwa. Cloudflare, kampuni ya huduma za intaneti yenye lile jina uliloandika, walitoa hii huduma ya familia mwezi wa nne 2020, wana orodha ya tovuti za ngono na zile za virusi na za kuiba paswedi, simu ikiuliza mojawapo inapewa anwani ya uongo, 0.0.0.0, na ukurasa haufunguki. Hii ya virusi watu wanaidharau ila ndo inayosaidia kwa zile linki za "GB 50 bure bonyeza hapa" zinazozunguka kwenye magrupu. Si zote lakini, linki iliyotengenezwa jana usiku inaweza kupita kwa sababu bado haijaingia kwenye orodha.

Kujaribu kama imeshika usianze kufungua uchafu mbele ya mtoto, fungua nudity.testcategory.com, ni ukurasa uliowekwa makusudi kwa ajili ya kupima. Usipofunguka uko vizuri.

Kuna nyingine kali zaidi, ya kampuni inaitwa CleanBrowsing, jina lake ni family-filter-dns.cleanbrowsing.org, unaliweka pale pale. Hiyo inalazimisha Google, Bing na YouTube zikae kwenye hali salama, inafungia tovuti za VPN, yaani zile programu za kupitisha intaneti njia ya pembeni, inafungia hata Reddit nzima. Kwa mtoto wa miaka 12 au 13 mi ningeweka hii bila kujiuliza. Kwa wa 16, 17 utachoka na malalamiko, maana YouTube ya hali salama inaficha komenti zote na inaficha video nyingine ambazo hazina shida yoyote, na kijana wa umri huo ukimbana kwa vitu vya kijinga anatafuta njia ya kutoka, na njia zipo, ntazitaja.

Wenye iPhone kwenu ni rahisi zaidi, ingia setingi, Screen Time, washa, weka namba ya siri ambayo si ile ya kufungulia simu, ingia Content & Privacy Restrictions, tafuta Web Content, chagua Limit Adult Websites. Hapo hata ile hali ya siri ya Safari inapotea.

Kama nyumbani kuna rauta, weka na huko pia ili TV na tableti na simu za wageni ziingie humo humo. Geuza rauta chini usome stika, kuna anwani kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1 na paswedi ya kuingilia, andika ile anwani kwenye brauza, tafuta DHCP, kwenye DNS ya kwanza weka 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Ukitoka hapo badilisha paswedi ya kuingilia maana hata dogo anaweza kuigeuza rauta akasoma stika. Rauta nyingine zimefungwa na kampuni inayokuuzia intaneti huwezi kubadili DNS, ikiwa hivo achana nayo, baki na kwenye simu.

Haya, matundu. La kwanza ni Opera Mini, na kwetu huku hili ni kubwa kwa sababu kila mtu anaipenda kwa kubana bando. Ikiwa kwenye ile hali ya kubana sana, simu haiendi yenyewe kwenye tovuti, seva za Opera ndo zinaenda kukuchukulia ukurasa na kukuletea umeshabanwa, kwa hiyo Private DNS yako inakuwa imekaa getini wakati mgeni kapita uani. Itoe. La pili VPN, karibu hadithi ile ile. Hizi mbili dawa yake ni Family Link ya Google, unaweka kwenye simu yako na akaunti ya mtoto inakuwa chini yako, akitaka kupakua programu Play Store inakuletea ombi wewe ndo ukubali. Hakikisha pia umezima ruhusa ya kuinstoli programu kutoka nje ya Play Store, vijana wanarushiana mafaili ya apk darasani kama karanga.

La tatu ni kwamba Private DNS yenyewe inazimwa kwa sekunde tano na yeyote anayejua ilipo. Hapo hakuna ujanja, mwambie mtoto kwamba umeiweka, mwonyeshe ilipo, na mwambie utakuwa unaangalia, alafu uangalie kweli. Wazazi wanaoweka kimya kimya wanajidanganya, siku mtandao ukisumbua dogo anaenda kwa fundi, fundi anaona DNS ngeni anaitoa, mchezo umeisha.

Ila tundu ambalo mi nilikuwa silifikirii kabisa ni hili. Dada yangu aliniletea simu ya mwanae yuko form three, likizo, ana wasiwasi wa picha chafu, mtoto anakesha na simu. Nikakagua na mtoto mwenyewe amekaa pembeni, picha chafu sikuona, nikakuta mikeka. Betting tupu, kurasa kwa kurasa. Nikamuuliza, akaniambia "Anko ni za mia tano mia tano tu, na nishawahi kula." Sheria inasema kubeti ni kuanzia miaka 18, Tanzania na Kenya zote, ila yeye alikuwa anatumia akaunti ya kaka wa mtaani. Na ile DNS ya Cloudflare niliyoisifia hapo juu haizuii betting, hata moja, ukiiweka ukadhani umemaliza mikeka itaendelea kama kawaida.

Kwa betting tumia NextDNS, ni huduma nyingine ya DNS ila hii unachagua mwenyewe cha kufungia. Fungua akaunti nextdns.io, watakupa kijina chako chenye herufi na namba, mwisho wake dns.nextdns.io, hicho ndo unakijaza kwenye Private DNS badala ya kile cha mwanzo. Alafu kwenye akaunti nenda sehemu ya udhibiti wa wazazi, unachagua makundi, ngono, kamari, tovuti za kutafutana wachumba, na unaweza kufungia TikTok au mchezo fulani peke yake, kuna na swichi ya kufungia njia za kukwepa kama VPN. Kampuni ya kubeti ambayo orodha yao haiijui unaiongeza kwa mkono kwenye orodha ya kukataza. Bure ni maombi 300,000 kwa mwezi, yaani mara ambazo simu inauliza tovuti iko wapi, ukipita hapo intaneti inaendelea ila haichuji tena mpaka mwezi ugeuke, kwa hiyo usiweke ukoo mzima kwenye akaunti moja ya bure. Na kubeti kwa nyota-reli au kwa meseji hakupiti intaneti, hapo hakuna DNS itakayokusaidia, utaona kwenye meseji za pesa za simu.

WhatsApp na Telegram nazo hivo hivo, DNS inaweza kuizima programu nzima au kuiacha nzima, haioni kilichotumwa ndani ya grupu. Kama kuna mtu anamtisha mtoto kwa picha zake msifute chati, bloku baada ya kupiga skrinshoti, na namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure, Tanzania ipo na Kenya ipo.

Kwa mpwa wangu nilifanya jambo moja ambalo dada hakulipenda. NextDNS inaweza kukuandikia kila tovuti simu iliyoenda, dada alitaka iwe inamjia yeye, mi nikaizima. Nikamwambia dogo nimeizima, na akikuta tovuti ya maana imefungwa anitumie jina nitaifungulia. Wiki ile ile akanitumia ya matokeo ya mpira, nikaipitia, kweli ina matangazo ya kubeti lakini yenyewe ni matokeo tu, nikaiweka kwenye orodha ya kuruhusu. Ya pili aliyotuma ilikuwa mkeka wazi wazi, nikamjibu "we dogo", akatuma emoji ya kucheka.