Kuzunguka Ziwa kwa Baiskeli ya Changarawe Bila Kukutana na Magari

Anayepanga kuzunguka ziwa la mashambani kwa baiskeli ya changarawe, yaani yenye tairi pana za njia za vumbi na kokoto, hutazama ufuko kwanza, kumbe ufuko si tatizo. Tatizo ni pale mto unapoingia ziwani. Hapo ardhi ni tambarare na ina majimaji, matete yamejaa, njia ya kando inapotelea humo, na daraja pekee liko juu kwenye barabara ya magari. Kwa hiyo anza kuchora njia yako kwenye midomo ya mito, mandhari itafuata.

Fungua picha za setilaiti uhesabu kila mto na kila kijito kinachoingia. Kwa kila kimoja andika mahali pa kuvukia: daraja la miguu, kalvati, au kivuko cha mawe kinachotumiwa na mifugo. Tazama na tarehe ya picha, maana picha ya kiangazi huonyesha njia nyeupe iliyokauka mahali ambapo wakati wa mvua maji hufika magotini. Kijito kisicho na kivuko cha uhakika kifuate kuelekea juu hadi bonde linapobana. Mara nyingi vijia vya watu huvukia hapo, kwa kuwa ndipo kijito kinapokuwa chembamba na chini pana mawe.

Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, njia za mashambani hupewa madaraja 1 hadi 5: ya 1 ni ngumu, imeshindiliwa, na ya 5 ni udongo laini au majani matupu. Kwa changarawe lenga ya 2 na ya 3. Ya 4 hupitika kukiwa kavu, ya 5 jiandae kushuka na kusukuma. Madaraja hayo huandikwa na watu wa kujitolea, hivyo yalinganishe na picha kabla ya kuyaamini.

Ikiwa ziwa lenyewe ni bwawa lililozamisha mabonde, zidisha makadirio yako. Maji huingia katika kila bonde kama vidole, na kila kidole kina mteremko wake, mwinuko wake na kilomita zake za kuzunguka. Ng'ambo unayoiona mita 300 mbele inaweza kukuchukua kilomita 6. Njia ya wahudumu juu ya tuta la bwawa huwa ndiyo bora kuliko zote, lakini mabwawa mengine hayaruhusu watu wa nje kupita tutani, basi uliza mapema. Mfereji wa kutolea maji ya ziada usiuvuke hata ukiwa mkavu: zege lake huota utando unaoteleza, na maji yanaweza kufunguliwa bila wewe kujua.

Utajuaje kwamba magari hayapiti? Soma majani ya vichaka vya kando. Yakiwa yamepakwa vumbi hadi usawa wa kiuno, magari ni ya kila siku. Yakiwa safi, na katikati ya alama mbili za magurudumu pameota nyasi ndefu ambazo ncha zake hazina weusi wa mafuta ya chini ya gari, umepata njia yako.

Usizunguke ziwa zima siku ya kwanza. Ligawe vipande vya kilomita 8 hadi 12, kila kimoja uende na kurudi, na njiani upime udongo. Chota tope lenye unyevu, liviringe kiganjani, kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2 au 3, mchanga upo wa kutosha na njia itakauka upesi baada ya mvua. Ukirefuka kupita sentimita 5, huo ni mfinyanzi. Mfinyanzi hushika tairi, hubeba vikokoto, na hujaza nafasi kati ya tairi na uma, ile mikono miwili ya fremu inayoshika gurudumu, mpaka gurudumu linasimama. Kosa la wengi ni kuendelea kukanyaga pedali. Nguvu hiyo huvuta kibadilisha gia cha nyuma kikaingia kwenye spoku, na safari inaishia hapo. Ukisikia mkwaruzo shuka papo hapo, ng'oa tope kwa kijiti bapa, kisha ibebe baiskeli begani, maana kuisukuma ni kuiongezea tope. Vilevile jihadhari na ukingo ulioachwa wazi maji yaliposhuka. Juu huonekana mgumu, umepasukapasuka, ila chini ya gamba hilo ni tope laini.

Kama kuna kipande cha barabara ya magari kisichoepukika, kipite alfajiri. Palipo na desturi ya kuendesha upande wa kushoto, zunguka kinyume cha mwendo wa saa, ili ziwa liwe kushotoni kwako na usihitaji kukata barabara unapoingia vijia vya ufukoni. Panapoendeshwa kulia, geuza. Upepo nao uangalie: ni afadhali ukupige usoni nusu ya kwanza, miguu ikiwa mipya.

Tairi la upana wa milimita 40 hadi 45 linatosha, ilimradi kuna nafasi ya milimita 6 kila upande kwenye uma. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 40 lisilo na tyubu, anza na upepo wa PSI (kipimo cha shinikizo kwenye pampu) 30 mbele na 33 nyuma, dawa ya kuziba pancha mililita 60 hadi 90 kila gurudumu. Dawa hiyo hukauka, ikague kila baada ya miezi 2 au 3. Mwenye tyubu aongeze PSI 5, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba, ongeza upepo. Beba tyubu ya akiba hata kama matairi yako hayatumii tyubu.

Kwenye mchanga shuka gia kabla hujauingia, sogeza uzito nyuma, na breki ya mbele usiiguse. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge ukishapita, lililo wazi liache wazi.

Maji beba ya safari yote, nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Usitegemee ziwa: likiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, huenda ni mwani wenye sumu, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.