Stendi ya maiki isiyoinama: namna ya kuipata kwa fedha kidogo

Ukisema "stendi" hapa Dodoma, watu watakuelekeza Nzuguni kwenye mabasi. Hii ya maiki haikumbukwi mpaka maiki na saundi kadi zimeshanunuliwa, na inapatiwa chenji iliyobaki. Matokeo yake msanii anaanza kuimba maiki ikiwa mdomoni, anafika kiitikio ikiwa kifuani. Stendi ya bei ndogo inaweza kushika vizuri, lakini uichague kwa kupima.

Hatua ya 1: Jua uzito wa maiki yako

Weka kwenye mizani maiki, kishikio chake na kile kichujio cha kuzuia pumzi za "p" na "b" kama kinafungwa hapohapo. Maiki ya mkononi ya Shure SM58 ina gramu 300 hivi, na stendi karibu zote zinaibeba. Maiki ya kondensa (ile ya studio inayohitaji umeme) ikiwa ndani ya kishikio cha lastiki hukaribia nusu kilo. Shure SM7B peke yake ni gramu 765, na hapo stendi nyingi za bei rahisi zinasalimu amri.

Hatua ya 2: Chagua umbo kwa kazi

Kwa sauti ya mtu mmoja anayeimba amesimama, mlingoti wima wenye kitako kizito cha duara unatosha, na ndio wenye vitu vichache vya kuharibika. Hauna mkono, yaani lile bomba la kulala linaloshika maiki mbele, kwa hiyo hauna cha kuinama. Watu wengi wanaruka hapa na kununua ya miguu mitatu yenye mkono kwa sababu ndiyo wanayoiona jukwaani.

Yenye mkono inahitajika pale ambapo mlingoti hauwezi kukaa karibu na chanzo cha sauti: gitaa, zeze, au ilimba (ala ya Wagogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) iliyopakatwa na mpigaji aliyeketi. Kwa ilimba tafuta stendi fupi. Ile ndefu ikishushwa hadi mwisho bado mlingoti unabaki juu mno, utalazimika kuinamisha mkono kuelekea chini, na mpigaji ataupiga kiwiko.

Mkono wa mezani wenye springi unafaa podikasti na watangazaji. Springi zake zimetengenezwa kwa uzito fulani: maiki nyepesi mno inapaa yenyewe, nzito mno inazama. Kama meza ni ya mbao za kubandikwa, weka kipande cha plaiwudi cha sentimita 10 kwa 10 juu na chini ya kibanio, la sivyo kitaichimba meza.

Hatua ya 3: Ijaribu dukani kwa chupa ya maji

Nenda na chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa na kamba. Hiyo ni nusu kilo na kidogo. Kama maiki yako ni nzito zaidi, beba ya lita moja.

Simamisha stendi, toa mkono wote, ulaze sambamba na sakafu, kaza kwa nguvu ya kawaida ya vidole, kisha ning'iniza chupa kwenye ncha. Subiri dakika 5 ukiongea bei na muuzaji. Ncha ikishuka hata sentimita 2, iache. Haitapona nyumbani, itazidi.

Wakati unasubiri, angalia kiungo kinachoshika mkono. Kiwe cha chuma, na ndani yake pawe na washa (kipete bapa) ya raba au ya nyuzi ngumu, kwa kuwa msuguano wa washa hiyo ndio unaobeba uzito wote. Kiungo cha plastiki hufanya kazi kwa miezi michache, halafu meno yake yanalika. Kitu cha pili ni kikaza cha katikati ya mlingoti: nyanyua mlingoti wa juu, kaza, usukume chini kwa kiganja. Mlingoti usiteleze. Mwisho, tikisa stendi. Ukisikia vyuma vinagongana, maiki nayo itavisikia.

Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, mwombe muuzaji akupigie picha ya kiungo hicho kwa karibu, na akutajie uzito wa stendi. Stendi ya miguu mitatu yenye mkono ikiwa chini ya kilo 2, ujue bomba zake ni nyembamba.

Hatua ya 4: Linganisha thredi

Ncha za stendi zina saizi mbili: inchi 5/8 yenye thredi (mizunguko ya skrubu) 27 kwa inchi, na inchi 3/8 yenye thredi 16. Vishikio vingi vya maiki ni vya 5/8, na ndani vina kipete cha shaba kinachoshusha saizi hadi 3/8. Usikitupe kipete hicho. Kinafunguliwa kwa sarafu au bisibisi pana, na siku utakapobadili stendi utakihitaji.

Hatua ya 5: Isimamishe ipasavyo

Hapa ndipo maiki nyingi zinapovunjika, hata kwenye stendi nzuri. Mkono unatakiwa kuelekea juu ya mguu mmoja, usipite katikati ya miguu miwili. Hesabu yake ni hii. Tuseme stendi ina kilo 2.2, kila mguu unafika sentimita 35 kutoka katikati, na maiki ya nusu kilo iko sentimita 65 mbele. Ukiuacha mkono wenyewe nje ya hesabu, ukiwa juu ya mguu, nguvu inayoibakiza stendi wima ni mara 5 ya ile inayoiangusha. Ukipita katikati ya miguu, inabaki mara moja na nusu tu. Mtoto akikanyaga waya, imelala.

Kisha sawazisha. Mkono wa sentimita 85 ukiutoa 65 mbele na kuacha 20 nyuma, utahitaji kilo 1.6 kwenye mkia ili nusu kilo ya mbele itulie. Uvute nyuma, mbele zibaki 50 na nyuma 35, na gramu 700 zinatosha. Soksi yenye mchanga inafanya kazi hiyo: lita moja ya mchanga mkavu ina kilo 1.6 hivi. Mchanga hapa haununuliwi. Soksi nyingine mbili za mchanga ziweke juu ya miguu miwili ya nyuma.

Waya uzungushe mara mbili kwenye mkono na uache ulegee karibu na maiki, ili ukivutwa uvute mlingoti kwanza.

Hatua ya 6: Sakafu na vumbi

Raba za miguuni zikipotea, sauti ya hatua inapanda moja kwa moja kutoka kwenye saruji au vigae. Kata soli ya ndala ya zamani, toboa tundu dogo kuliko mguu, uchomeke. Ukirekodi muheme, ngoma ya Wagogo, weka pia kipande cha zulia chini ya kila mguu, na stendi isikae kwenye mkeka mmoja na wapigaji.

Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma unaingiza vumbi kila mahali, na likiingia kwenye vikaza yanaanza malalamiko kwamba stendi inateleza. Fungua, piga brashi kavu, futa kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta wala grisi kwenye washa, maana utaua ule msuguano unaoshika. Tone moja la mafuta kwenye thredi za skrubu linatosha. Washa ikiisha, kata nyingine kwenye tyubu ya baiskeli.

Kama hela haitoshi kabisa: fundi wa kuchomelea

Stendi wima anaweza kuitengeneza. Bamba la chuma la sentimita 30 kwa 30, unene milimita 6, lina kilo 4.2, uzito ambao stendi nyingi za dukani hazina. Asimamishe bomba jeusi katikati. Lile lenye zinki moshi wake una madhara likichomelewa.

Juu achomelee bolti ya inchi 3/8 yenye thredi 16, ambayo ni thredi pana ya kawaida na inaingia kwenye kile kipete cha shaba. Bolti ya inchi 5/8 ya dukani haifai, kwani kwa kawaida ina thredi 11. Na M10, yaani bolti ya milimita 10, inafanana na 3/8 kwa macho tu. Ukiilazimisha inakula shaba. Kwa hiyo nenda na kipete mfukoni, uifunge bolti humo kwa vidole palepale kaunta kabla hujalipa.