Gari la Michezo la Zamani Lililoliwa na Kutu: Jinsi ya Kuamua Kama Linafaa Kufufuliwa

Anayeoneshwa gari la michezo la zamani lililokaa miaka chini ya turubai huuliza kwanza kama injini inawaka. Mimi swali hilo hulifikia mwisho. Injini hung'olewa, ikatengenezwa, ikarudishwa. Kinachoamua hatima ya gari ni chuma kinachobeba milango, springi na viti, kwa sababu kazi ya bodi ndiyo inayomeza saa nyingi na pesa nyingi kuliko zote.

Hatua ya 1: Jua gari limejengwaje

Katika MGB, Datsun 240Z au Porsche 911, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Kutu ikila kizingiti, yaani ule mhimili unaopita chini ya mlango, imekula nguvu ya gari zima. Triumph TR6 ina chesisi yake peke yake, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti; hapo unakagua vitu viwili tofauti. Lotus Elan na Corvette zina bodi ya faibaglasi isiyoshika kutu, lakini chini yake kuna chuma, na wengi hudanganyika hapo. Uliza pia gari ni la mwaka gani: bodi za Porsche 911 zilianza kutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki kwenye magari ya toleo la 1976, na yaliyotangulia huoza upesi zaidi.

Hatua ya 2: Beba vifaa

Tochi yenye mwanga mkali, bisibisi butu, nyundo ndogo, jeki na stendi zake, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Mwenye gari akikataa usiguse kitu zaidi ya rangi, aga uondoke.

Hatua ya 3: Soma mianya ya milango

Kabla ya kuinama, simama kando ya gari utazame mwanya kati ya mlango na bodi. Uwe sawa juu na chini. Kisha inua upande mmoja kwa jeki na ufungue mlango, ukaufunge tena. Mlango ukikwama, au mwanya ukibadilika, gari linajikunja katikati. Kwenye gari lisilo na paa wala chesisi ya peke yake, jaribio hili ndilo ninaloliamini kuliko mengine yote, maana vizingiti na sakafu ndivyo pekee vinavyoshikilia mbele na nyuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu, weka stendi.

Hatua ya 4: Gonga, sikiliza, choma

Chukua muda wako hapa. Kutu ya gari hufanya kazi kama mchwa: huanzia ndani, na wewe huona mwisho wake tu. Vitundu vya kutolea maji vikiziba kwa matope, maji hubaki ndani ya kizingiti na kula bati kuanzia upande usioonekana. Kwa hiyo kiputo kidogo kwenye rangi mara nyingi maana yake ni kwamba bati limeshatoboka.

Gonga polepole kwa nyundo. Bati zima hulia kwa mlio mkali. Lililooza, au lililojazwa puti, yaani kinamo cha kuzibia mashimo kabla ya rangi, hutoa mlio mzito uliokufa. Pitisha sumaku: inapoacha kushika ghafla katikati ya paneli ya chuma, kuna puti nene. Choma kwa bisibisi mahali pa siri, siyo kwenye rangi nzuri.

Usiache sehemu hizi: vizingiti, sakafu chini ya zulia, vishikio vya springi na shokapu, nguzo ya bawaba za mlango, sehemu ya chini ya kioo cha mbele, na mahali betri inapokaa. Kwenye 240Z trei ya betri na reli za chini ya sakafu huoza sana. Kwenye MGB kizingiti kina tabaka kadhaa, na si ajabu kukuta bati jipya limechomelewa juu ya lililooza. Kwa nje linang'aa, ndani hakuna kitu.

Hatua ya 5: Tenga kutu na kutu

Kutu ya juu juu isugue, isahau. Madigadi za mbele za MGB na 240Z zimefungwa kwa bolti, hivyo tundu humo lisikutishe. Lakini vizingiti vya pande zote mbili, nguzo za bawaba na vishikio vya springi vikiwa vimeoza pamoja, mimi huliacha gari hilo, isipokuwa bodi mpya inapatikana. Kwa MGB inapatikana: kampuni ya British Motor Heritage ilianza kuzitengeneza upya mwaka 1988.

Hatua ya 6: Karatasi na vitu vidogo

Namba ya chesisi ilingane na hati. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Kisha hesabu vilivyopotea: kromu, taa, mipira ya vioo. Kwa gari adimu, hivi huchelewesha kazi kuliko injini.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Mwite mchomeleaji aone kwa macho yake, picha hazitoshi. Chukua bei yake, ongeza nusu, kwa sababu rangi ikishavuliwa hutokea mashimo mapya. Jumlisha na bei ya kununulia, rangi na spea, kisha linganisha na bei ya gari kama hilo lililokwisha tengenezwa. Jumla ikizidi sana, nunua lililo tayari, labda kama kuchomelea utafanya mwenyewe na gari lenyewe unalipenda kweli.

Ukiamua kulichukua na halina paa, usikate kizingiti chochote kabla ya kuchomelea mihimili ya muda kuvuka nafasi za milango. Bila hiyo bodi itajikunja siku ya kwanza, na milango haitafunga tena.