Somo: Picha za karibu uani, bila haraka

Mndimu mmoja uani unatosha kwa somo hili, na simu uliyonayo inatosha. Zaidi ya hapo ni subira.

Hatua ya 1. Toka mapema, kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi. Mwanga bado ni laini, upepo umetulia, na wadudu hawajapata joto la kuwarusha. Jua la utosi huleta vivuli vikali na kuipausha rangi.

Hatua ya 2. Simu ibaki mfukoni. Kaa mbele ya tawi moja utazame dakika kumi hivi. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo somo lenyewe. Mwanzoni utaona majani tu. Baadaye utaona majani kadhaa yameshonwa pamoja: kiota cha maji moto, wale chungu wekundu wa mitini. Wakiwa kazini, wengine hushika kingo za majani na kuzivuta zikutane, wengine wamebeba mabuu vinywani wakiyapitisha huku na huku, kwa sababu uzi wa kushonea hutoka kwa buu. Ukishaliona hilo, unajua picha yako ni ya nini.

Hatua ya 3. Futa lenzi. Sogeza simu polepole mpaka picha ianze kuwa na ukungu, kisha rudi nyuma kidogo. Usikuze kwa vidole. Utaikata picha baadaye. Gusa skrini penye jicho la mdudu ushikilie mpaka fokasi ijifunge. Kwa ukaribu huu sehemu inayotoka kali ni nyembamba sana, hivyo jicho litangulie.

Hatua ya 4. Egemeza viwiko magotini, shusha pumzi, piga mfululizo.

Tafadhali, usipasue kiota wala usimtie mdudu kwenye friji ili atulie. Picha ya namna hiyo mimi siihesabu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, maji moto wameniuma mpaka nikakimbia. Niwapulizie dawa?
Hapana, ndugu yangu. Huenda umekaa kwenye njia yao au umetikisa tawi. Wakiuma hutia na tindikali, ndiyo maana panawasha. Sogea pembeni, watakuacha. Hao ni walinzi: huku pwani na Zanzibar huwinda mdudu anayefyonza nazi changa.

Simu yangu ikikaribia haishiki fokasi kabisa.
Nunua lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera. Itakulazimisha usogee sana, kwa hiyo anza na kiumbe asiye na haraka, kama konokono au kiwavi.

Mie naishi ghorofani, sina ua.
Panda mrehani kwenye kopo dirishani, dada, na uuache utoe maua, nyuki watakuja wenyewe. Wakati wa kupiga, simamisha karatasi nyeupe upande wenye kivuli ili irudishe mwanga.