Kukaa taamuli kwa njia ya Kibuddha: mwongozo kwa msomaji wa Lamu

Anayepita Shela siku hizi hukuta matangazo ya taamuli yamebandikwa bega kwa bega na ya yoga, ya kukandwa mwili na ya safari za jahazi za magharibi, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumeichukulia taamuli kuwa namna ya mapumziko ya watu wenye nafasi na fedha. Utulivu kweli umo, tena si haba, lakini kwa Wabuddha wenyewe utulivu huo ni maandalizi ya kazi nyingine. Mwongozo huu unamlenga mtu wa Lamu, au wa pwani ya jirani, ambaye angependa kujua Wabuddha hukaa vipi, hutafuta nini wanapokaa, na yeye mwenyewe akitaka kujaribu nyumbani kwake aanzie wapi.

Kinachotafutwa

Siddhartha Gautama, ambaye ndiye anayeitwa Buddha, aliishi kaskazini mwa Bara Hindi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Kabla ya kukaa chini ya mti mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, alikuwa amekwisha kusoma kwa walimu wawili wa taamuli, Alara Kalama na Uddaka Ramaputta. Wote wawili walimfundisha kuituliza akili mpaka ikabakia karibu haina cha kufikiri, naye akafuzu upesi hata wakamtaka awaongoze wanafunzi wao. Alikataa akaondoka, kwa kuwa aliona kwamba mtu akishainuka kutoka katika utulivu ule, tamaa na hofu alizoingia nazo huzikuta palepale zinamngoja. Tukio hilo linafaa likumbukwe na kila anayeanza, maana linaeleza kwa nini Wabuddha hawaridhiki na kutulia peke yake: wanataka kuyaona mateso yanavyozaliwa ndani ya mtu, hatua kwa hatua, na kujua yanavyokoma.

Mafundisho yake yamejengwa juu ya kweli nne: kwamba maisha yana dhiki na kutoridhika, kwamba dhiki hiyo ina chanzo, nacho ni kiu ya kutaka, kwamba inaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuikomesha. Njia hiyo ina sehemu nane, na taamuli inashika tatu za mwisho, yaani juhudi, uzingativu na umakinifu. Sehemu nyingine zinahusu mtazamo wa mtu, nia yake, maneno yake, matendo yake na riziki yake. Ndiyo maana katika nchi za Kibuddha mtu wa kawaida kwanza hushika masharti matano: kutoua kiumbe, kutochukua asichopewa, kutofanya zinaa, kutosema uongo, na kutotumia kileo kinachoipumbaza akili. Kwetu masharti hayo si mageni, na sababu yake ya kikazi ni nyepesi kueleweka. Aliyeshinda akidanganya watu mchana, usiku akikaa kimya, uongo wake utamrudia wote. Na aliyekesha kwenye mirungi akataka kukaa alfajiri ataona akili inavyokimbia huku taya zikiwa bado zinatafuna.

Swali ambalo halikwepeki katika mji wa misikiti kama huu ni la dini. Sioni busara ya kulificha jibu. Mazoezi ya kutazama pumzi na hisi hayadai dua kwa yeyote, na Buddha hakudai kuwa Mungu. Hata hivyo, mafundisho yanayoyazunguka, kama vile kuzaliwa upya baada ya kufa na kutokuwapo kwa nafsi ya kudumu, ni itikadi za Kibuddha kwelikweli, na kusujudia sanamu ni ibada yao. Anayetaka kusoma kwa ajili ya kuelewa na asome. Anayetaka kutenda na asitenganishe jambo hili na dhamiri yake, na akiwa na shaka amwulize sheikh anayemwamini kabla ya kuanza.

Mahali, wakati na namna ya kukaa

Nyumba za Lamu zimejaliwa darini penye upepo na vyumba vya ndani vyenye kuta nene, na popote kati ya hapo panafaa. Baada ya sala ya alfajiri ni saa ya uradi kwa wengi, hivyo sishauri kuigombania. Saa ya kabla ya kulala, au baada ya alasiri jua likishapoa, inatosha. Kimya kamili usikingoje. Punda watalia, mashine za boti zitanguruma gatini, na jirani ataita mtoto wake. Sauti hizo zitakuwa sehemu ya zoezi.

Tandika mkeka au jamvi, weka juu yake takia gumu, kisha uketi kwenye ukingo wa mbele wa takia ukiwa umekunja miguu ili magoti yashuke yaguse mkeka. Aliyekulia madrasa na hafla za maulidi huwa na nyonga laini kwa mkao huu, kuliko mgeni aliyezoea viti tangu utotoni. Mwenye magoti mabovu akae kitini, nyayo sakafuni, mgongo usiegemee. Uti wa mgongo uwe wima bila kukakamaa, kidevu kiinamishwe kidogo, na mkono wa kulia uwekwe juu ya wa kushoto mapajani. Macho hufumbwa katika mapokeo mengi. Wabuddha wa Kijapani wa madhehebu ya Soto, yaliyoanzishwa na Dogen katika karne ya 13, huyaacha nusu wazi na hukaa wakiuelekea ukuta. Mguu ukifa ganzi si hatari, utazinduka. Goti likiuma kwa ndani, badilisha mkao mara moja bila kujilaumu.

Kuishika pumzi

Zoezi linaloanzwa na wengi ni kuitazama pumzi, na hotuba ya Buddha inayohusu pumzi inaeleza hatua 16, zikiwa katika mafungu manne: ya mwili, ya hisi, ya akili, na ya namna mambo yote yanavyopita. Mwanafunzi wa mwanzo asihangaike na 16. Aanze na mbili za kwanza: akivuta pumzi ndefu ajue kwamba ni ndefu, na akivuta fupi ajue kwamba ni fupi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuirefusha pumzi makusudi, wakidhani ndefu ndiyo bora. Pumzi haitengenezwi, hutazamwa ikiingia na ikitoka jinsi ilivyo, ama kwenye ncha ya pua inapogusa, ama tumboni panapoinuka na kushuka, kama alivyofundisha Mahasi Sayadaw wa Burma katika karne ya 20.

Buddha alifafanua jambo hili kwa mfano wa mkereza mbao, ambaye akivuta mvuto mrefu anajua kuwa ni mrefu na akivuta mfupi anajua kuwa ni mfupi. Msomaji wa Lamu ana bahati, kwa kuwa hahitaji kuelezwa mkereza ni nani. Aliyepata kumtazama fundi akikereza mguu wa kitanda ameona jinsi jicho lake lisivyobanduka pale patasi inapogusana na mti. Maranda yanaruka, watoto wanapita, mtu anasalimu naye anaitikia, lakini jicho liko palepale kwenye ukali wa chuma. Uzingativu unaotakiwa ni wa namna hiyo, wa mtu aliye kazini, na wala hauhitaji uso uliokunjamana.

Akili ikikataa kukaa, hesabu. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika huko Sri Lanka katika karne ya 5, alishauri hesabu isipungue tano wala isizidi kumi, ndipo ianzwe upya. Hesabu moja kwa kila pumzi inayotoka, ukifika kumi rudi moja. Utajikuta kwenye 17 bila kujua ulivukaje, au utajikuta unapanga bei ya samaki. Katika hali zote mbili, rudi moja. Kule kurudi ndiko kunakofanya mazoezi yenyewe, kwa hiyo aliyetoroka mara 30 akarudi mara 30 amefanya kazi nyingi kuliko aliyekaa akisinzia kwa raha. Dakika 15 kila siku zinatosha kwa miezi ya mwanzo, nami naziona kuwa bora kuliko saa mbili za Ijumaa moja.

Kuiona hisi kabla haijawa tamaa

Pumzi ikishatulia kiasi, huanza ile kazi ambayo Alara na Uddaka hawakuwa nayo. Wabuddha huiita vipassana, nayo ni kutazama kila kinachojitokeza mwilini na akilini kikija, kikikaa kidogo na kikiondoka. Wao husema kwamba kila mguso huzaa hisi, na hisi ni za namna tatu tu: ya kupendeza, ya kuudhi, na isiyo huku wala kule. Kutoka kwenye hisi huzaliwa tamaa ya kupata zaidi au ya kuondokewa, na kutoka kwenye tamaa huzaliwa kung'ang'ania. Mazoezi yote yanaingia kwenye mwanya ulioko kati ya hisi na tamaa.

Chukua mbu. Jioni ya kusi upepo ukilala, umekaa, naye anakuuma juu ya kifundo cha mkono. Kwanza kuna joto dogo, mahali padogo kuliko punje ya mtama. Halafu muwasho, ambao ukiutazama kwa karibu hautulii, hupanda, hupungua, huhama kidogo na kurudi. Mpaka hapo ni hisi ya kuudhi na hakuna zaidi. Kisha, kabla mkono haujanyanyuka, utaona kitu cha pili kabisa: msukumo wa kutaka uondoke sasa hivi, pengine pamoja na hasira kwa mbu, kwa dirisha lililoachwa wazi, na kwa aliyeliacha wazi. Muwasho uliletwa na mbu, ila hayo mengine mbu hakuyaleta. Ukiweza kukaa na muwasho bila kuutii msukumo, mara nyingi utaushuhudia unafifia na kwisha wenyewe, na hapo umeona kwa macho yako mambo mawili ambayo Buddha alikuwa akiyarudia, yaani kwamba hisi hazidumu na kwamba dhiki nyingi huongezwa na kutaka kwetu. Usinielewe vibaya, simshauri mtu awaalike mbu, kwani malaria ni ugonjwa unaoua. Kaa ndani ya chandarua, na atakayeingia mpungie atoke, maana sharti la kwanza linamhusu hata yeye. Mafunzo yaleyale utayapata kwa jasho linaloteremka mgongoni.

Yanapokataa

Vizuizi vinavyotajwa na Wabuddha ni vitano: tamaa ya anasa, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko na majuto, na shaka. Vinne kati ya hivyo hutambuliwa kwa kutajwa kimoyomoyo, "chuki ipo", "mahangaiko yapo", kisha mtu anarudi kwenye pumzi. Usingizi unahitaji zaidi, hasa katika joto la kaskazi baada ya wali wa nazi. Mwanafunzi wake Moggallana alipokuwa akisinzia, Buddha alimpa orodha ya mambo ya kufanya: avute ndewe za masikio, asugue mikono na miguu, anawe macho kwa maji, atazame nyota, atembee kwenda na kurudi, na yote yakishindikana alale kwa ubavu wa kulia akiwa amenuia kuamka. Nimependa kwamba orodha inaishia kulala.

Kule kutembea kwenda na kurudi ni zoezi kamili. Chagua mstari wa hatua 20 hivi, darini au ufukweni maji yakiwa yamekupwa, uende polepole ukijua mguu unavyoinuka, unavyosogea na unavyokanyaga. Usilifanye katika vichochoro vya Langoni, kwani punda aliyebeba mawe hajui kama uko kwenye taamuli.

Kwa anayesumbuliwa na chuki, lipo zoezi la metta, yaani kuwatakia watu heri. Buddhaghosa aliweka utaratibu wake: uanze na nafsi yako, kisha mtu unayemheshimu, kisha rafiki wa karibu, kisha mtu usiyempenda wala kumchukia, kama vile muuza mahamri unayemjua kwa sura tu, na mwisho yule mliyekosana. "Awe salama, awe na afya, aondokewe na dhiki." Ikiwa adui wa kwanza anayekujia ni jirani mliyegombania ukuta, usimwanze huyo wiki ya kwanza. Moyo ukigoma, rudi kwa rafiki, uanze tena.

Mtu aliyefiwa karibuni, au anayetibiwa ugonjwa wa akili, azungumze na daktari wake kabla ya kukaa muda mrefu, kwa sababu kimya kinaweza kuzidisha hofu. Vivyo hivyo, mafunzo ya siku kumi za kunyamaza, yaliyoenezwa duniani na S. N. Goenka, yana karibu saa kumi za kukaa kila siku. Ni mema kwa aliyejizoeza, lakini si mahali pa kuanzia. Anayetaka mwalimu wa ana kwa ana na asiyechoka safari atalikuta hekalu la Kibuddha Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka.

Asiyeweza kusafiri anaweza kuiga desturi ya waumini wa huko ya siku za Uposatha, zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, siku ambazo kwetu zinajulikana kwa bamvua. Siku hiyo hushika masharti manane, wakaacha mapambo, nyimbo, tendo la ndoa na vitanda vya fahari, wakakaa taamuli kwa nafasi kuliko siku nyingine. Chakula huliwa kabla ya saa sita mchana, na baada ya hapo hakuna chakula kigumu mpaka alfajiri inayofuata, ingawa maji yanaruhusiwa.